Jembe la Binti Yangu

Binti yangu yuko darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali huku Temeke, na ni mchezaji wa kikundi cha ngoma cha shule. Watu wakiniuliza mtoto anaendeleaje shuleni, wanategemea nianze na hisabati au Kiingereza. Huko anafanya vizuri, namshukuru Mungu. Lakini mimi huanza na ngoma, kwa sababu ndiko nilikomwona akifanya kazi. Nimemwona kwa macho yangu akirudia kitu kimoja mpaka viganja vikaota malengelenge, akikosea, akianza upya bila mtu kumsukuma. Daftari lenye vema za mwalimu halinionyeshi hayo.

Wanacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma. Sisi ni Wazaramo wa Kisarawe, hatuna ndugu Mwanza wala Shinyanga. Hata kwenye kikundi chenyewe watoto wa Kisukuma ni wawili tu. Waliobaki ni Wamakonde, Wandengereko, Wachaga, Wapemba, Wanyakyusa, yaani mtaa wetu mzima umejipanga mstari. Ngoma aliichagua mwalimu wao, ambaye alisomea sanaa Bagamoyo. Anasema ukitaka kumfundisha mtoto kucheza na wenzake, mpe ngoma iliyozaliwa shambani.

Na kweli imezaliwa shambani. Usukumani watu walilima kwa makundi. Ikifika zamu ya shamba la mtu, kundi zima lilikwenda na majembe na ngoma zake, na ngoma ndiyo iliyoongoza mikono. Majembe yalipanda kwa pigo na kushuka kwa pigo, nyimbo zikiendelea, na aliyechoka aliona haya kuachwa na mwenzake wa kushoto na wa kulia. Ndiyo maana mchezaji wa bugobogobo hashiki mkuki wala fimbo. Anashika jembe. Analiinua, analizungusha kiganjani, analirusha juu, analidaka, kisha anainama tena na kulima udongo usioonekana. Kikundi kikijua kazi yake, majembe yote yanapaa pamoja na yanashuka pamoja, na wewe mtazamaji unajikuta umenyanyua kidevu bila kupenda.

Hapo kwenye jembe ndipo nilipoingia mimi.

Mimi ni fundi seremala, karakana yetu iko Keko, kule kwenye vitanda na makabati yaliyopangwa kando ya barabara. Shule ilikuwa na majembe machache ya chuma ya shamba la shule, mazito na yenye makali, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayemruhusu mtoto wa miaka kumi na moja arushe chuma kile juu ya kichwa cha mwenzake. Basi walikuwa wanafanya mazoezi na vijiti. Siku moja nimekwenda kumchukua binti, mwalimu akanisogelea. "Shikamoo baba. Samahani, nimesikia wewe ni fundi. Unaweza kututengenezea majembe ya mbao?" Nilimjibu kwamba naweza hata kabla hajamaliza. Sikumwuliza ni mangapi, wala nani atalipa. Kwa miaka yote nimetengeneza madawati, meza za walimu, milango ya ofisi za watu, lakini hakuna siku mtu wa shule aliyoniambia kwamba anahitaji kitu ambacho mwanangu atakishika mkononi na kukichezea mbele ya watu.

Jembe la kwanza nililitengeneza kwa mbao laini, hizi za paini zinazotoka Mafinga. Ni rahisi kukata, ni rahisi kupiga randa, na nilikuwa na vipande vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja. Nililipiga msasa likawa laini kabisa, nikalipaka rangi ya kijivu kichwani ili lifanane na chuma. Lilipendeza. Binti akalirusha uani mara moja tu, nikaona kwamba halifai. Lilipaa vizuri lakini lilipokuwa linashuka liliyumba, mara mpini mbele, mara kichwa mbele, na mkono wake haukujua uende wapi.

Nikalirudisha karakana. Tuna mlinzi pale, mzee wa Kisukuma aliyetoka Kwimba akiwa kijana. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo mimi na yeye hatusalimiani bila kuchokozana kwanza. Siku ile hakunichokoza. Alilichukua lile jembe, akauweka mpini juu ya kidole kimoja, akakisogeza kidole polepole akitafuta mahali ambapo jembe litatulia bila kuanguka. Lilitulia karibu na katikati ya mpini. Akatikisa kichwa. Akachukua jembe lake halisi, ambalo hulimia bustani ya mchicha nyuma ya karakana, akafanya vilevile. Lile lilitulia karibu kabisa na kichwa.

"Mtani," akasema, "uzito uwe mbele. Jembe likipaa linazunguka kwenye uzito wake. Uzito ukiwa mbele, mpini ndio unaochora duara, na mkono utaukuta mahali palepale kila mara."

Nimefanya useremala zaidi ya nusu ya umri wangu na sikuwahi kuliwazia jembe hivyo. Kuanzia hapo tulifanya kazi pamoja. Kichwa nilikitengeneza kwa plaiwudi, tabaka tatu zilizogandishwa kwa gundi ya mbao na kubanwa kwa jiliwa usiku kucha, umbo la moyo kama majembe ya kwao, upana wa sentimeta 20 hivi. Mpini nikautoa kwenye mabaki ya mtiki, mwembamba, urefu wa sentimeta 70, nikaukwangua taratibu mpaka kiganja cha mtoto kikaweza kuukumbatia bila kuukaba. Kingo zote nikazivunja kwa tupa, kisha msasa mkali, kisha msasa mwororo, ili hata likimdondokea mtu bega lisimchane. Sikupaka vanishi kwenye mpini. Vanishi inateleza mkono ukitoka jasho. Hilo nalo ni mzee aliyenikumbusha: kwao mpini hulainishwa na kazi yenyewe.

Wazazi wengine walichanga walichoweza. Mmoja alileta rangi, mwingine akalipia plaiwudi, mama mmoja muuza chapati alitulisha mimi na vijana wangu wa karakana siku zote za kazi ile. Mke wangu alishona kaniki za wachezaji wote. Njuga walitengeneza watoto wenyewe: vizibo vya soda vilivyopondwa bapa, vikatobolewa kwa msumari na kufungwa kwenye ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Ukizivaa miguuni zinalia vizuri sana.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, na hapo palikuwa na jambo la kupanga, kwa sababu binti anasoma madrasa jioni. Nilimfuata ustadhi wake, tukakaa msikitini baada ya swala ya alasiri, nikamweleza yote: ngoma gani, nguo gani, nani anasimamia. Alinisikiliza. Akasema siku hizo mbili anaweza kuchelewa, mradi somo lake la siku alisome asubuhi nyumbani kwanza na mimi nimletee taarifa. Tangu hapo binti huamka mapema siku hizo bila kuamshwa. Kila mzazi ana namna yake ya kulipanga hili. Mimi namshauri mwenzangu aende mwenyewe kwa ustadhi au mchungaji wake akaongee, asingoje maneno yamfikie kwa njia ya jirani.

Maneno yalikuwepo. Kwenye mkutano wa wazazi, baba mmoja alisimama akasema ngoma ni mambo ya mizimu, na kwamba yeye hakumleta mtoto shule aje kutambika. Mama mmoja akasema yeye hana neno na mizimu, neno lake ni viuno. Hataki kumwona bintiye akikata kiuno mbele ya majaji wanaume. Mwingine akasema tu kwamba mtihani wa darasa la saba hauna swali la kucheza. Mwalimu aliwajibu kwa heshima. Kuhusu mavazi alionyesha: fulana ya mikono, taiti ndefu, kaniki juu yake, na wenye ushungi wabaki na ushungi wao, uliofungwa nyuma usiwasumbue. Kuhusu viuno alisema bugobogobo ni ngoma ya mgongo na mikono, njooni Alhamisi mtazame. Wengi walikuja, na yule mama alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Kuhusu mizimu, nilisimama mimi. Nilisema nimemwuliza mzee aliyeicheza ngoma hii ujanani mwake, na hakunificha. Usukumani kuna vyama viwili vya ngoma vya tangu zamani, Bagalu na Bagika, vyenye asili ya waganga wawili waliokuwa wakishindana. Baada ya mavuno vikundi vya pande hizo mbili hucheza uwanja mmoja, saa ileile, kila upande na duara lake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Zamani, akaniambia mzee, kila upande ulikuwa na dawa yake ya kuvuta watu. Ndivyo ilivyokuwa, na sina sababu ya kuwadanganya wazazi wenzangu. Lakini nikawaambia pia nilichokiona shuleni: dawa ya watoto hawa ni Jumanne na Alhamisi. Tunaweza kupokea kazi ya mikono ya wazee wetu, umoja wao na ufundi wao, tukayaacha yale ambayo imani zetu hazituruhusu. Mbona harusi zetu tunazifanya hivyohivyo?

Mwalimu akaongeza la kwake. Alisoma kwenye karatasi sehemu ya hotuba ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa bungeni tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, alipotangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Nyerere alisema wengi walikuwa wamejifunza kucheza rumba, chachacha, twisti, hata dansi za Wazungu kama waltz, akauliza ni wangapi wanaojua kucheza, au hata waliowahi kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Ukumbi wetu ulinyamaza. Mwalimu akatuuliza swali lilelile pale pale, wanyooshe mikono wanaojua kucheza ngoma moja ya kwao. Mikono iliyoinuka ilikuwa ya bibi na babu waliokuja badala ya wazazi, na ya baadhi yetu wachache. Mimi niliinua. Nimekulia Temeke wakati mdundiko ukipita mtaani watoto wote tunaufuata, mpaka mama zetu wanakuja kutusaka mitaa ya mbali jioni. Lakini nilipoinua mkono nilijua kwamba binti yangu hajawahi kuufuata mdundiko. Huo mtaa tulipohamia, Yombo Vituka, mziki unatoka kwenye spika.

Baada ya mkutano ule mzee mlinzi alianza kuja mazoezini. Kazi yake ni ya usiku, kwa hiyo alikuwa anaacha usingizi wake wa mchana. Anakaa kwenye kigogo chini ya mwembe na kofia yake magotini, kimya. Watoto walimwogopa mwanzoni, baadaye wakamzoea, wakawa wanamwita babu. Siku moja jembe zilikuwa zinaanguka ovyo, mwalimu amepiga filimbi mpaka amechoka, mzee akainuka akaomba jembe moja. Aliomba wapigaji waanze. Alikaa kidogo akitikisa bega tu, kisha jembe likaondoka mkononi mwake likapanda, na yeye alikuwa anawatazama watoto, hakulitazama jembe. Likarudi kiganjani. Akarudia. Wala hakupumua kwa nguvu.

"Mnalifuata jembe kwa macho," akawaambia. "Mkilifuata mtachelewa. Isikilizeni ngoma. Pigo likirudi, na jembe limerudi."

Binti alitembea na maneno yale wiki nzima. Nilimkuta uani amefumba macho, anarusha, anadaka, anarusha, anadaka, anaimba mapigo kwa mdomo. Mama yake alihofia vyombo vyake, nikamwambia vyombo vinanunuliwa. Na sikumtania binti wala kumkatiza. Nilisimama mlangoni nikamtazama fundi akijifunza kazi, kwa sababu hivyo ndivyo mikono inavyojifunza. Randa nayo husikilizwa, fundi anayeitazama sana anachimba mbao.

Mashindano ya ngoma yako ndani ya UMITASHUMTA, yale yale ya mpira na riadha za shule za msingi. Watu wengi hawajui hilo, wanadhani ni kukimbia na kupiga mpira tu. Yanaanzia shule kwa shule, kata, wilaya, kisha mkoa, na mwisho taifa. Katani watoto wetu walipita bila shida. Wilayani ndiko nilikojifunza mambo.

Ilikuwa masika haijaisha. Mvua ilinyesha usiku na asubuhi hewa ilikuwa nzito, yenye maji. Ngoma za ngozi na hewa kama ile haziendani. Ngozi hulegea, sauti inakuwa ya kufifia, na ngoma kubwa ambayo ndiyo mama wa mapigo ya bugobogobo ilikuwa inatoa mlio wa kukohoa. Shule nyingine zilikuwa na ngoma za mapipa ya plastiki na ngozi za kubandika, wao hawakuwa na wasiwasi. Wavulana wetu wapigaji hawakusubiri kuambiwa. Waliomba ruhusa, wakakusanya maboksi na makuti makavu kutoka kwenye banda la mama lishe, wakawasha moto nyuma ya madarasa, wakaegesha ngoma uso ukielekea mwali, wakawa wanazigeuza na kuzigonga kwa kidole, wakisikiliza. Wakubwa wao ni wa darasa la sita. Nilitaka kwenda kusaidia, mwalimu akanishika mkono akaniambia, "Baba, waache, wanajua." Na walijua. Zilipoingizwa uwanjani zilikuwa zimekaza, na mpigo wa kwanza ulinifanya nisimame.

Watoto wakaingia kwa mstari wakiimba. Fulana nyeupe, kaniki, njuga, majembe mabegani. Majembe yangu. Nikaanza kumtafuta binti. Sikumwona. Nilipita uso mmoja mmoja, mstari wa mbele, wa pili, wa tatu, wote wamepakwa chokaa mashavuni, wote wameinamisha mgongo kiasi kilekile. Wazazi wenzangu walishavuka kamba wakiwa na simu, kila mmoja anampiga picha wake, mpaka mwalimu wa zamu akaja kuwarudisha. Mimi nilikuwa bado natafuta. Kisha majembe yakapaa. Yote. Yakakaa hewani kwa kipande kidogo cha muda, yakashuka kwenye mikono yote, na uwanja ukaitikia. Nikaacha kumtafuta. Nilikuwa nikiwatazama wote, na furaha niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko ile niliyoiandaa nyumbani ya kumwona wangu. Sijui baba mwingine anaieleza vipi. Mtoto wako yumo humo ndani na humwoni, na unajua kwamba humwoni kwa sababu anafanya kazi yake sawasawa.

Nilimtambua ngoma ilipofika katikati, na ni kwa sababu ya jembe lililoanguka. Si lake. Mvulana wa mstari wa mbele yake, mgeni kikundini, alirusha kwa nguvu mno, likampita mkono, likaanguka nyuma yake, kwenye njia ambayo msururu wa binti yangu ulikuwa ukielekea kugeukia. Mwalimu amewafundisha: jembe likianguka usiinamie papo hapo, endelea kwa mikono mitupu, linapokuja pigo la kupalilia ambapo wote mnainama, ndipo ulichukue. Lakini lile lilianguka mbali na mwenyewe. Nikamwona msichana mmoja anafupisha hatua, njuga hazikukosa hata pigo moja, anapita juu ya jembe bila kulikanyaga, kisha kwa upande wa unyayo analisukuma taratibu mbele, mikono yake ikiwa bado hewani na jembe lake likiwa bado linazunguka. Lilipofika pigo la kupalilia, yule mvulana aliinama pamoja na wote na kuinuka na jembe lake mkononi. Mtu aliyekuwa anatazama simu hakuona kitu. Msichana yule alikuwa binti yangu.

Macho yangu yalijaa machozi, na sioni haya kuyaandika hapa.

Tulishika nafasi ya pili, na wa kwanza ndio wanaokwenda mkoani. Walioshinda walistahili, walicheza sindimba, na mpigaji wao mmoja, mtoto mdogo wa kiume, sijawahi kusikia mikono kama ile. Baadhi ya wazazi wetu walinung'unika juu ya majaji. Mimi nilikwenda kumpa mkono mwalimu wa wale washindi. Wetu walilia kidogo, wakanunuliwa maandazi na juisi ya ukwaju, wakaanza kuimba ndani ya daladala tuliyokodi.

Njiani binti alikuwa amekaa karibu na dirisha, njuga zake mapajani. Akaniuliza, "Baba, uliliona jembe lilipoanguka?"

"Nililiona."

"Majaji je?"

"Nadhani nao waliliona."

Akafikiri kidogo. "Lakini hakuna aliyesimama," akasema.

Hakusema habari ya mguu wake, nami sikumwuliza. Yule mvulana alikuwa kiti cha mbele yetu na alikuwa anasikia. Nilielewa kwamba ameamua kutolisema mbele yake, na sikutaka kumharibia. Nyumbani nilimsimulia mama yake yote, usiku, watoto wakiwa wamelala, nikionyesha kwa mguu wangu mwenyewe pale sebuleni jinsi alivyolisukuma.

Kuna watu huniambia nimemkubalia mtoto mambo mengi. Kwamba ikifika darasa la saba nitajuta. Huwa nawajibu kwa hili la mguu. Kuna mwanafunzi anayepata mia kwa mia na hajawahi kuhitaji kujua mwenzake aliye mbele yake ameangusha nini. Binti yangu alikuwa anaelekea huko, kwa sababu ana akili nyepesi na huwa anakereka na wanaochelewa kuelewa. Kwenye ngoma hakuna namna ya kuwahi peke yako. Ukiwahi umekosea, sawasawa na aliyechelewa. Tangu siku ile amekuwa akimfundisha yule mvulana wakati wa mapumziko, na mwalimu wa darasa ameniambia siku hizi anafanya hivyohivyo kwenye hisabati, anakaa na wenzake mpaka waelewe. Hayo sikuyafundisha mimi. Mimi nilichonga mipini.

Mzee mlinzi nilimpa taarifa siku ileile jioni, alipoingia lindo. Alitaka kusikia habari za watu kuliko za majaji: walikuwa wengi? Walisogea karibu au walikaa mbali? Walipiga makofi kwenye wimbo au mwishoni tu? Nikamwambia hata watoto wa shule nyingine waliacha kula wakaja kutazama. "Basi mmeshinda," akasema, na akaingia kufanya kazi yake. Kwake yeye hesabu ya ngoma ni duara la watu, kama alivyozoea huko Kwimba.

Mwaka huu kikundi kimekua. Mwalimu anahitaji majembe zaidi, na mipini ya zamani mitatu imepata nyufa, kwa hiyo nimeshatenga mabaki ya mtiki kwenye kona ya karakana na nimewaambia vijana wasiyaguse. Mwalimu pia amekubali ombi nililompelekea: mbali na bugobogobo, watoto wajifunze mdundiko, wa kutembea nao siku ya mahafali kutoka geti la shule mpaka uwanjani. Mapigo ninayakumbuka lakini nyimbo nyingi zimenitoka. Shangazi yangu wa Kisarawe anazo zote. Nimempigia simu, ameuliza kwanza kama watoto wa mjini wana pumzi, kisha akasema atakuja Jumatano na atakaa wiki mbili, nimtafutie tu godoro gumu kwa ajili ya mgongo wake.